Uwanja wa Mtoto na Jukwaa la Mkubwa

Katika kujadili sanaa za watoto, wengi wetu huanza na nyimbo na michezo yenyewe, tukasahau mahali inapochezewa. Sisi twaona yafaa kuanza na mahali.

Hadithi zetu zina mlango wake. Msimulizi husema "Paukwa," na wasikilizaji wasipoitika "Pakawa" hawezi kuendelea. Mwitiko huo wataka watu walio karibu, wanaoonana nyuso. Vivyo hivyo mchezo wa ukuti: watoto hushikana mikono wakafanya duara, na duara halina mbele wala nyuma, aliyechelewa hufunguliwa mkono akaingia. Huo ni ukumbi kamili, usiotumia hata kilo moja ya saruji.

Sasa tutazame kumbi za shule zetu nyingi. Chumba kirefu, jukwaa upande mmoja limefika kifua cha mtoto wa darasa la kwanza, madirisha juu ya kimo chake. Umbo hilo limetoka katika thieta za Ulaya, likaletwa na wakoloni; jumba la Thieta ya Taifa ya Kenya, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1952, ni mfano wake ujulikanao. Halikosi manufaa kwa watu wazima waliolipa kiingilio ili waketi kimya. Lakini watoto wakitiwa humo hugawanywa: watano wenye sauti nzuri hupanda, mia mbili hubaki chini wakikatazwa kupiga kelele.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wengine. Zamani, tukiwa ofisini, nasi tulipitisha mchoro wa ukumbi wa namna hiyo. Tulihesabu viti, tukahesabu mifuko ya saruji, tukauliza mgeni rasmi ataketi wapi. Kimo cha mtoto hatukukiuliza. Tulipopita pale miaka kadhaa baadaye tulikuta ukumbi umefungwa kwa kufuli, na watoto wako nyuma ya jengo, kivulini, wakipiga debe na kucheza. Angalau kivuli tulikijenga.

Katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa katika eneo moja, na ngoma huchezwa nje, uwanjani. Mtoto huona pale kwamba nyumba na ngoma ni jirani. Shule yaweza kuiga mpango huo kwa gharama ndogo: uwanja wa mchanga, baraza fupi la kukalia kuuzunguka, ukuta wa kuchorea unaopakwa chokaa upya kila muhula, udongo wa kufinyangia pamoja na maji karibu, na ngoma zitundikwe mkono wa mtoto unapofika.

Yupo atakayeuliza habari ya mvua. Paa lisilo na kuta, kama la banda la soko, latosha. Bati hudumu, lakini mvua ikinyesha humeza sauti ya msimulizi. Makuti hutulia, ila yaogopa moto na hutaka kuezekwa upya mara kwa mara. Sisi tungechagua makuti, na kazi ya kuyasuka wapewe wanafunzi wakubwa pamoja na wazee wa kijiji wanaoijua.