Sauti Huku, Picha Kule: Jinsi Mashabiki Walivyoiunganisha Tena Doctor Who

Oktoba 2013 BBC ilitangaza kwamba sehemu tisa za Doctor Who, mchezo wake wa televisheni wa sayansi ya kubuni, zimepatikana Nigeria baada ya kuhesabiwa kuwa zimepotea kwa miaka mingi. Zilikuwa ndani ya makopo ya filamu yaliyojaa vumbi katika stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos. Aliyezifikia ni Philip Morris, Mwingereza aliyekuwa akizunguka vituo vya nchi mbalimbali kutafuta filamu za zamani. Magazeti mengi yaliiandika habari hiyo kama bahati ya mtu aliyefungua mlango uliosahauliwa. Mimi naisoma vingine. Stoo ile ilikuwa hatua moja tu ya kazi ya kiufundi iliyoanza miaka ya 1960, ikafanywa kwa sehemu kubwa na watu wasiolipwa, kwa vifaa vya nyumbani. Sisi wa Lweba, Baraka na Fizi nzima, huku Kivu ya Kusini nchini Kongo, tuna sababu yetu ya kuifuatilia kazi hiyo kwa makini, nami nitaieleza.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ulianza kurushwa tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika mkuu, aitwaye Daktari, ni msafiri wa nyakati anayetembea katika chombo chenye umbo la kibanda cha buluu cha polisi wa Uingereza. Mwili wake ukifika mwisho hugeuka mtu mwingine, ndiyo maana mwigizaji mmoja humpokea mwenzake: William Hartnell alikuwa wa kwanza, Patrick Troughton wa pili. Katika miaka ya hao wawili, 1963 hadi 1969, zilitoka sehemu 253, zote za nyeusi na nyeupe.

Ili kuelewa zilivyotafutwa, lazima kwanza kuelewa zilivyopotea. Kila sehemu ilirekodiwa kwenye mkanda wa video wenye upana wa inchi mbili. Mkanda huo ulikuwa ghali na uliweza kufutwa ukatumika tena. Makubaliano na chama cha waigizaji yalibana marudio, video za nyumbani zilikuwa bado, na rangi ilipoingia, kipindi cha nyeusi na nyeupe kilionekana hakina mnunuzi. Basi mikanda ikafutwa. Idara ya mauzo ya nje, BBC Enterprises, ilibaki na nakala kwenye filamu ya milimita 16, lakini haki za kuuza zilipokwisha, filamu nazo zilianza kutupwa. Idara hii ilidhani ile inatunza, ile nayo ikadhani hivyohivyo. Mwaka 1978 Sue Malden alipewa jukumu la kuchagua kipi kihifadhiwe, na mwaka huohuo shabiki mmoja, Ian Levine, alizikuta filamu za kisa cha kwanza cha viumbe waitwao Dalek zikingoja kutupwa, akazizuia.

Filamu hizo za milimita 16 ndizo msingi wa kila kitu kilichofuata. Zilipatikana kwa kuweka kamera ya filamu mbele ya kioo maalumu cha televisheni, kuucheza mkanda, na kuipiga picha ile iliyokuwa kiooni. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Mashine za video zilitofautiana nchi kwa nchi, lakini filamu ya milimita 16 ilichezwa popote. Kwa njia hiyo Doctor Who ilifika Nairobi, ambako televisheni ilianza mwaka 1962, na Kampala, iliyoanza mwaka 1963, pia Ethiopia, Zambia na Nigeria. Ili kuokoa gharama, kituo kimoja kikimaliza kuonyesha kiliweza kuagizwa kuzipeleka filamu kituo kingine, na hicho kikazipeleka kwingine. Ingekuwa kila nakala imerudi London kama barua ya posta, ingetupwa pamoja na zile nyingine. Zilizobaki zilibaki kwa sababu safari ilikatikia njiani.

Watafutaji wakaifuata njia hiyo kinyumenyume. Walisoma hati za mauzo za BBC, wakapekua ratiba za televisheni zilizochapwa katika magazeti ya zamani, wakaona kisa fulani kilionyeshwa wapi na mwezi gani, kisha wakauliza filamu ilielekea wapi baada ya hapo. Mwaka 1984 sehemu kadhaa zilirudi kutoka Nigeria. Mwaka 1992 kisa kizima cha The Tomb of the Cybermen kilirudi kutoka Hong Kong. Mwaka 1999 sehemu moja ilipatikana New Zealand kwa mkusanyaji binafsi. Baada ya Jos, hesabu ya zilizokosekana ilishuka kutoka 106 hadi 97.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Sehemu hizo zilizokosa picha, sauti zake zote zipo. Hakuna hata moja iliyokosa sauti, na si BBC iliyozitunza. Ni vijana wachache wa Uingereza waliokuwa na rekoda za mkanda nyumbani. Wengine waliweka kipaza sauti mbele ya televisheni na kuiomba familia ikae kimya. Mmoja wao, Graham Strong, alikwenda mbali zaidi: aliunganisha rekoda moja kwa moja na nyaya za spika ya televisheni, hivyo mlio wa chumba haukuingia kabisa. Rekodi zake zinasikika safi kuliko sauti iliyomo kwenye baadhi ya filamu zenyewe. Kijana mwenye waya na ujuzi kidogo aliishinda idara nzima yenye bajeti.

Mark Ayres, mtunzi wa muziki, ndiye aliyezitengeneza upya sauti hizo, na ugumu wake uko hapa: rekoda mbili za nyumbani haziendi mwendo mmoja. Moja huwahi kidogo, nyingine huchelewa, na baada ya dakika ishirini na tano tofauti inakuwa kubwa. Kwa hiyo rekodi za watu mbalimbali hulinganishwa, mwendo husahihishwa, kisha palipoharibika kwenye hii hujazwa kutoka kwenye ile. Mlango uliobamizwa katika nyumba moja haukubamizwa katika nyumba ya pili. Rekodi mbili mbovu, zikiwa zimefanywa na watu wawili tofauti, zinaweza kutoa moja nzuri.

Upande wa picha palikuwa na John Cura. Huyu aliishi kwa kupiga picha za kioo cha televisheni wakati kipindi kikirushwa, kisha akawauzia waigizaji na waongozaji waliotaka kumbukumbu ya kazi yao. Kwa sehemu moja ya Doctor Who alipiga picha sitini na zaidi, ndogondogo, zimepangwa kwa safu kwenye karatasi. Mashabiki wa kundi la Loose Cannon walizichukua picha hizo, wakazipanga juu ya sauti na kuongeza maandishi ya kueleza kinachotendeka, wakapata kitu cha kutazamwa. Walizigawa kwenye kaseti za VHS bila faida. Hata mkasi wa wakaguzi ulisaidia bila kukusudia: Australia ilikata vipande ilivyoviona vinatisha mno kwa watoto, ikavihifadhi serikalini, na mwaka 1996 mashabiki wakavipata katika hifadhi ya nyaraka ya taifa. Kwa baadhi ya visa, sekunde zilizokatazwa kuonyeshwa ndizo pekee zinazotembea hadi leo.

Filamu iliyopatikana nayo haikuwa tayari kutazamwa. Ina vumbi, mikwaruzo na mipasuko, na hayo husafishwa picha kwa picha. Kuna kasoro nyingine ambayo jicho huihisi bila kuitaja. Televisheni ya Uingereza ilichora nusu-picha hamsini kwa sekunde, na mwendo wa mtu ulionekana laini, kana kwamba yuko chumbani. Kamera ya filamu ilinasa picha ishirini na tano tu kwa sekunde. Ulaini ule ukapotea, mchezo ukaonekana kama sinema ya kale. Peter Finklestone alibuni utaratibu uitwao VidFIRE: kompyuta hupima kila kitu kimesogea kiasi gani kati ya picha mbili, kisha hutengeneza hatua ya katikati iliyokosekana. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuongeza kisichokuwapo kwenye filamu. Sikubaliani nao. Filamu ilikuwa chombo cha usafirishaji tu, na mtazamaji wa mwaka 1968 aliona hamsini.

Kazi ya rangi ndiyo ya ajabu kuliko zote. Visa kadhaa vya miaka ya 1970, enzi za mwigizaji Jon Pertwee, vilirekodiwa kwa rangi, lakini kilichosalia ni filamu ya nyeusi na nyeupe. Kwa baadhi yavyo, mashabiki wa Marekani walikuwa wamerekodi kwa mashine za nyumbani matangazo ya rangi ya kituo cha huko. Picha yao ilikuwa hafifu, lakini rangi ilikuwapo. Mafundi wakachukua umbo kutoka kwenye filamu na rangi kutoka kwenye kaseti, wakazilaza moja juu ya nyingine. Hivyo ndivyo The Dæmons ilivyorudi na rangi zake mwaka 1992.

Ila visa vingine havikuwa na kaseti yoyote. Hapo James Insell, fundi wa uhifadhi wa BBC, alitambua jambo ambalo wengi walikuwa wakiliona kama uchafu. Habari za rangi husafiri ndani ya mawimbi yaleyale ya picha, na kwenye kioo cha nyeusi na nyeupe hutokea kama vidoa vidogo sana. Fundi wa zamani alitakiwa kuwasha kichujio cha kuviondoa kabla ya kupiga filamu. Wakati mwingine hakukiwasha. Vidoa vikaingia kwenye filamu, na ndani yake rangi yote ya mchezo ikiwa imefungwa. Ukiikagua filamu kwa mashine yenye uwezo wa kutosha, ukanyoosha picha iliyopindishwa na mviringo wa kioo na kusinyaa kwa filamu, mpangilio wa vidoa unasomeka. Richard Russell aliandika programu ya kuusoma. Mwaka 2013 kisa cha The Mind of Evil kilitolewa kikiwa na rangi zilizotolewa humo, isipokuwa sehemu ya kwanza, ambayo haikuwa na vidoa. Hiyo Stuart Humphryes aliipaka rangi kwa jicho na mkono.

Baada ya kuokoa huja kutazama upya, na hapo mashabiki walilazimika kubadili hukumu zao. The Enemy of the World ya 1967 na 1968, ambamo Troughton anaigiza watu wawili, Daktari na dikteta Salamander, ilijulikana kwa miaka mingi kupitia sehemu moja tu, ya tatu. Sehemu hiyo ina maongezi mengi na mpishi anayenung'unika, basi kisa kizima kikaitwa cha kuchosha. Jos ilipoileta yote, watu waliona ufukwe, hovakrafti, helikopta, na mwigizaji mmoja anayebadilika sura na mwendo kama si yeye. Leo wengi wanaihesabu kati ya kazi bora za enzi yake. The Tomb of the Cybermen ilipata kinyume chake: ilisifiwa bila kuonekana, na iliporudi wapo waliovunjika moyo. Kumbukumbu ya waliosimulia ilikuwa kali kuliko picha, na hukumu iliyotolewa kwa kipande haikustahili kuitwa hukumu.

Hata hivyo Jos haikutoa kila kitu. The Web of Fear, kisa cha majitu yenye manyoya katika reli za chini ya London, ilirudi bila sehemu ya tatu, ileile ambamo Lethbridge-Stewart, mmoja wa wahusika wanaopendwa mno, anaingia ipasavyo kwa mara ya kwanza. Kwa sehemu hiyo mtazamaji bado anategemea sauti za vijana wale na picha za Cura, au katuni iliyochorwa juu ya sauti hizo.

Nilisema tuna sababu yetu. Mwaka 1996 vita vilipoingia Kivu ya Kusini, watu wa Fizi walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, Tanzania, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko mwaka huohuo. Kuanzia 2005 wengi walirudi kwa meli kupitia bandari ya Baraka. Wengine walibaki, wengine wakapelekwa Marekani na kwingineko. Nyumba zilizoachwa ziliachwa na vitu vyake, kaseti za kwaya, za harusi, za mahubiri, sauti za wazee wakisimulia ukoo kwa Kibembe. Tunazizungumzia kana kwamba zimekwisha. Lakini kaseti ya kwaya haikuwahi kuwa moja. Mwimbaji alimnakilia shemeji, shemeji akamnakilia jirani, jirani akavuka nayo ziwa. Huo ni mnyororo uleule wa filamu za BBC, na unaweza kufuatwa kinyumenyume kwa namna ileile. Wala si lazima twende Nigeria kutafuta mfano wa stoo. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la Uganda, yalikutwa makumi ya maelfu ya negativu za picha za enzi za Idi Amin kwenye kabati, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika makumbusho ya taifa mjini Kampala.

Ndugu msomaji wa Lweba, Mboko, Baraka, au uliye Nyarugusu: ukiwa na kaseti ya zamani usirekodi juu yake. Andika kwenye karatasi majina ya wanaosikika, mahali na mwaka, uiweke pamoja nayo. Itoe kwenye unyevu wa ziwa. Ukimpata kijana mwenye redio kaseti na simu, mwambie aunganishe kwa waya, asiweke simu mbele ya spika. Nakala moja ibaki kwako, nyingine ikae kwa ndugu wa mji mwingine, na kaseti yenyewe usiitupe hata kama inakwaruza, kwa maana hatujui bado ndani ya ile mikwaruzo kuna nini. Na kama huna kitu chochote, muulize mama mkubwa au mjomba alimnakilia nani.