Hrútar: Uzio, Mbwa na Trekta

Filamu ya Hrútar, yaani Kondoo Dume, iliongozwa na Grímur Hákonarson na kutwaa tuzo ya kitengo cha Un Certain Regard katika tamasha la Cannes mwaka 2015. Gummi na Kiddi ni ndugu wa damu, wazee, wanaofuga mbari adimu ya kondoo wa milimani kaskazini mwa Iceland. Nyumba zao zimepakana, lakini hawajasemezana kwa miaka 40. Mara skrepi, ugonjwa wa ubongo usio na tiba, unaingia katika bonde lao, na serikali inaamuru kondoo wote wauawe. Mbari hiyo ni ya kubuni. Amri hiyo siyo. Ndivyo Iceland ilivyopambana na skrepi kwa miongo mingi.

Nguvu ya kazi hii imo katika fani. Mwongozaji anawanyima ndugu hawa maneno, kisha anaweka kitu kati yao karibu kila wanapokutana. Kwanza ni uzio. Halafu ni mbwa, anayebeba barua mdomoni kutoka nyumba hii hadi ile. Halafu ni trekta: Kiddi anapozimia kwa ulevi kwenye theluji, Gummi anamzoa kwa koleo la mbele, anampeleka hadi hospitalini, anamtua mlangoni kama mzigo na kugeuza. Tunacheka, na kicheko kinachoma, kwa kuwa mtu amemwokoa nduguye bila hata kumshika mkono.

Mikono imewekewa kondoo. Dume la Kiddi linalishinda la Gummi kwa nusu alama katika shindano la kondoo dume, na ni Gummi, akilichunguza kwa siri, anayeshuku ugonjwa. Amri inapotoka, anawaua kondoo wake mwenyewe, huku akiwaficha wachache chini ya nyumba yake. Basi dhoruba inapowakuta ndugu hawa mlimani wakiwatorosha kondoo hao, na Kiddi akavua nguo ili ampe nduguye joto la mwili, tukio hilo halitushtui. Vizuizi vimekuwa vikiondolewa mbele ya macho yetu. Nguo ndizo zilizobaki.

Dosari ipo. Majirani, ambao nao wanapoteza mifugo yao, wamechorwa kijuujuu, na msiba wa bonde zima unapita haraka mno. Hata hivyo, Hrútar imefaulu pale ambapo filamu nyingi kuhusu mifugo inayotoweka hushindwa: haihubiri. Inaonyesha hasara ya mbari kwa kuonyesha wanachopoteza watu walioitunza. Waongozaji wetu wanaotaka kusimulia maisha ya wafugaji wana mengi ya kujifunza humo.