Waya, Moto na Sahani ya Damu

Waya ni mwembamba, ncha yake imepindwa ikafanya kitanzi kisichozidi punje ya mtama. Mama anauweka kwenye moto mpaka uive mwekundu kama kaa, anautoa, anasubiri. Kisha anaugusisha ukingoni mwa sahani, mahali patupu. Ukitoa mlio, bado una moto, na moto huo ungewaunguza wale wale anaotaka kuwaona. Leo haukutoa mlio. Ndipo anapouchovya kwenye maziwa.

Mimi ni daktari wa mifugo, na kazi yangu kwa kawaida huishia bandani: napima homa, napapasa kiwele, nachukua sampuli, naituma. Majibu hunirudia kwenye karatasi yenye mistari miwili mitatu, nami kwa miaka nilikuwa nayasoma upesi na kuandika dawa. Hadi nilipoanza kukaa nyuma ya bega la mama huyu, fundi wa maabara ya mifugo huku Kanda ya Kaskazini ya Tanzania, ndipo nilipojua kwamba mistari ile miwili imebeba siku nne za kazi na mkono usiotetemeka.

Maziwa ya asubuhi hiyo yalitoka kwa mfugaji mwenye ng'ombe wanne. Mmoja wao robo moja ya kiwele ilikuwa imevimba, na maziwa yalitoka na mabonge mabonge. Wafugaji huuita ugonjwa wa kiwele, na si makosa. Ila jina hilo ni la nyumba tu. Aliyemo ndani anaweza kuwa yeyote, na kila mmoja ana njia yake ya kuingia na dawa yake ya kumtoa.

Kabla hajashika waya, Mama huuliza sampuli ilichukuliwaje. Chuchu husafishwa kwa pamba yenye spiriti kuanzia zile za mbali, ili mkono usipite juu ya iliyokwisha kusafishwa. Lakini kukamua huanza na zile za karibu, kwa sababu hiyo hiyo. Michirizi ya kwanza humwagwa. Chupa hushikwa imelala, isisimame wima chini ya kiwele, unywele au vumbi la samadi lisije likadondokea ndani. Mambo haya hayahitaji mashine yoyote. Yanahitaji mtu anayejali mahali ambapo hakuna anayemtazama.

Sasa anaotesha. Anapaka tone la maziwa upande mmoja wa sahani, mistari iliyobanana, kitanzi kikiteleza juu ya agari bila kuikwaruza. Anaunguza waya, anaupoza, anavuta mistari michache kutoka pale alipoishia. Anaunguza tena, anavuta tena. Kila zamu anabeba bakteria wachache kuliko zamu iliyopita, hata mwishoni mwa sahani wanabaki mmoja mmoja, kila mmoja peke yake kwenye uwanja mpana. Usiku kucha katika joto la nyuzi 37 yule mmoja atazaa, wajukuu watazaa, na asubuhi ukoo wote utaonekana kwa macho kama kitone juu ya sahani. Hicho ndicho tunachokiita koloni. Uzuri wa ufundi huu uko hapo: bakteria hatafutwi kwa darubini kwanza, anapewa nafasi ya kuwa wengi, ajionyeshe mwenyewe.

Sahani yenyewe ina hadithi inayostahili kusimuliwa kidogo. Watu wa mwanzo waliotesha bakteria juu ya jelatini, nayo jelatini huyeyuka kwenye joto la mwili, na bakteria wengine huila. Aliyeleta suluhisho ni Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse aliyefanya kazi katika maabara ya Robert Koch huko Berlin. Jikoni kwake alizoea kugandisha jeli zake kwa agari, unga utokao kwenye mwani, jambo lililojulikana tangu zamani katika nchi za Asia. Agari iliyoganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85, na bakteria wachache mno wanaiweza. Ilikuwa mwaka 1881, na hadi leo maabara za bakteria duniani zinasimama juu ya maarifa ya jikoni ya mwanamke huyo. Kila Mama anapopika agari yake, akaiacha ipoe mpaka aweze kuivumilia kwa kiganja, ndipo akatia damu ya kondoo, humkumbuka mtu huyo. Damu ikitiwa mapema, sahani nzima hugeuka kahawia. Hana kipimajoto mkononi. Anajua kwa shavu la chupa.

Asubuhi ya pili haendi moja kwa moja kwenye darubini. Anainua sahani kuelekea dirishani, anaigeuza, anaitazama kwa ubavu. Niliwahi kudhani bakteria wote ni uchafu wa namna moja. Kumbe wana tabia kama mifugo yenyewe. Stafilokokasi orea huota kwa rangi ya krimu au dhahabu, na mara nyingi huizungushia koloni yake pete mbili za damu iliyoharibika, moja angavu, nyingine hafifu. Protiasi hakai pahali pamoja. Husambaa kwa mawimbi juu ya sahani kama maji ya bahari yanavyopanda ufukweni. Sudomonasi hutoa rangi ya kijani na harufu tamu kama ya zabibu. Eskerishia koli, yule wa samadi na matandiko machafu, akioteshwa kwenye agari ya MacConkey hugeuka waridi kwa sababu anachachusha sukari ya maziwa. Salmonela, anayewaua kuku kwa homa ya matumbo, hubaki bila rangi hapo hapo.

Kulikuwa na sahani nyingine asubuhi hiyo, ya mfugaji mwingine, ikiwa na aina tatu nne zilizochanganyikana. Ningeweza kuchagua moja iliyozidi na kuandika jibu. Yeye aliandika: sampuli imechafuka, ichukuliwe upya. Alijua mfugaji atalalamika, na alijua mimi ndiye nitakayetumwa tena. Niliheshimu neno lile kuliko majibu mengi niliyowahi kupokea.

Sahani yetu ilikuwa safi. Vitone vidogo, vingi, vyote vya sura moja, vikiangaza kama umande, kila kimoja na ukungu mwembamba wa damu iliyoyeyuka pembeni. Akachukua kitone kimoja kwa kijiti cha mti, si kwa waya, kwa maana baadhi ya nyaya huweza kudanganya kipimo kinachofuata. Akajihadhari asibebe hata chembe ya damu, nayo pia hudanganya. Akadondoshea haidrojeni peroksaidi. Stafilokokasi angechemka povu papo hapo. Hakikutokea kitu. Kimya kile nacho ni jibu: pengine ni streptokokasi.

Kisha rangi. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, mtu wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitangaza njia ya kupaka rangi ambayo msingi wake bado tunaufuata. Zambarau dakika moja, ayodini dakika moja, spiriti sekunde chache, mwisho rangi nyekundu ya safranini. Bakteria mwenye ukuta mnene hushika zambarau. Mwenye ukuta mwembamba huipoteza na kuvaa waridi. Fundi hujulikana kwenye spiriti. Ukizidisha, hata mwenye ukuta mnene huvuliwa nguo yake. Ukipunguza, wote hubaki zambarau na umejidanganya. Mama hahesabu kwa saa. Anainamisha kioo juu ya beseni, anatazama matone yanayoanguka, na pale yanapoacha kubeba rangi, anamwagia maji. Chini ya darubini tuliona shanga za zambarau zilizoungana minyororo.

Wapo ambao njia ya Gram haiwashiki kabisa. Mikoplazima, yule wa homa ya mapafu ya ng'ombe, hana ukuta hata kidogo. Ndiyo maana penisilini, inayofanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta, haimgusi. Koloni zake, ukizikuza kwa lenzi, zinafanana na yai la kukaanga, kiini katikati na ute pembeni. Na yai linarudi tena katika kisa chake: chanjo ya ugonjwa huo inayotumika sana Afrika, T1/44, ilitokana na bakteria aliyetengwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akapitishwa kwenye mayai ya kuku mara 44 mpaka ukali wake ukapungua. Namba ile kwenye chupa ya chanjo ni hesabu ya mapito. Nilikuwa nimewachanja ng'ombe wangapi bila kujua ninasoma daftari la mafundi.

Kipimo kilichonifanya niandike haya ni cha jioni ya siku ya pili. Mama alichora mstari mmoja wa stafilokokasi katikati ya sahani ya damu, kisha akachora bakteria wetu kwa kukingama, akikaribia ule mstari bila kuugusa. Asubuhi, pale walipokaribiana, damu ilikuwa imeyeyuka kwa umbo la kichwa cha mshale, safi kama lililokatwa kwa kisu. Sumu ya mmoja huichosha chembe ya damu, kitu kitokacho kwa mwenzake huimaliza. Wataalamu watatu wa Australia, Christie, Atkins na Munch-Petersen, walilieleza jambo hili mwaka 1944, na herufi za majina yao zimebaki kuwa jina la kipimo, CAMP. Mshale ule unamtaja streptokokasi agalaktie.

Kazi si ya upole siku zote. Ikija damu ya ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo limejaa, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, Mama hunyamaza na kuvaa glavu mbili. Hiyo huwa ni damu ya sikio tu, kwa kuwa mzoga wa kimeta haupasuliwi: ndani ya mzoga uliofungwa bakteria wengi huoza pamoja nao, lakini wakipata hewa hujifunga kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miongo kadhaa. Rangi anayoitumia ni bluu ya methilini iliyozeeshwa, njia aliyoieleza John M'Fadyean mwaka 1903. Fimbo za bluu, ncha zake za mraba, zikiwa zimezungukwa na utando wa waridi. Akiuona utando ule anaacha kila kitu na kupiga simu kijijini kabla nyama haijagawanywa.

Siku ya tatu alipima dawa. Alikoroga koloni kwenye maji ya chumvi, akalinganisha ukungu wake na chupa ya kipimo mbele ya karatasi yenye mistari myeusi, akapunguza, akaongeza, mpaka mistari ikaonekana kwa ufifi ule ule pande zote mbili. Akaupaka ukungu huo juu ya sahani mpya, akapanga juu yake visahani vidogo vya karatasi vyenye dawa. Baada ya usiku mmoja akaweka rula chini ya kila kisahani cha dawa, akasoma milimita za uwanja ulioachwa wazi, akaziandika. Uwanja wa penisilini ulikuwa mpana.

Nilikuwa nimeshachukua karatasi yangu ili niondoke. Aliniashiria ningoje, akampigia mfugaji mwenyewe.

"Shikamoo mama. Ni sisi wa maabara. Dawa daktari ataleta, itamsaidia. Lakini sikiliza: huyu anakaa kwenye kiwele na anatembea kwa mikono ya mkamuaji. Anayekamua ni nani? Mjukuu? Basi mwambie huyo mgonjwa amkamue wa mwisho, kila siku, na baada ya kila ng'ombe anawe mikono. Wale watatu wengine niletewe maziwa yao. Ndiyo, wote, hata wasiovimba."