Rangi Kwanza, Mnyama Baadaye

Timu ya shule inapoundwa hapa Mutanga Nord, ubishi wa kwanza huwa juu ya mnyama: tujiite simba, chui au tai? Rangi ya jezi huachiwa muuza duka. Huchukuliwa ile iliyopo. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba tunaanzia mwisho. Moyo wa timu hujengwa na rangi, na mnyama hupata heshima kupitia kwa wanaoivaa rangi hiyo.

Tutazame kwanza TP Mazembe ya Lubumbashi, kwa sababu nayo ilizaliwa shuleni. Ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface kwa ajili ya wanafunzi wao. Jina limebadilika zaidi ya mara moja. Kwenye nembo yupo mamba aliyebana mpira kinywani, mnyama wa kutisha kweli. Lakini timu na mashabiki wake huitwa Kunguru. Kwa nini? Jezi ni nyeusi na nyeupe, na kunguru wa huku kwetu ni mweusi mwenye kifua cheupe. Naona hapa rangi ndiyo iliyomwita ndege. Tena ni ndege asiye na sifa: methali zetu humtaja kunguru kwa woga wake. Hata hivyo, mwaka 2010 Kunguru hao walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, dhidi ya Inter ya Milan. Walifungwa 3-0, lakini tangu siku hiyo nani angewaita waoga?

Dar es Salaam inatupa ushahidi wa pili. Klabu ya Simba ilipata jina hilo mwaka 1971. Kabla yake iliitwa Sunderland. Pamoja na kuwa na mnyama mkubwa kiasi hicho, mashabiki bado hujiita Wekundu wa Msimbazi, yaani rangi na mtaa. Hapa Bujumbura, Vital'O, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992, inajulikana kwa zambarau na nyeupe yake.

Siri ya rangi ni kwamba haijisifu. Simba anadai ushindi kabla ya mpira kuanza. Timu ikifungwa tano, jina linageuka dhihaka. Zambarau haijaahidi kitu, kwa hiyo haiwezi kusutwa. Pia ni rahisi kuigawana: mwenye kitambaa tu keshaingia kundini, hata asiyejua kupiga mpira.

Yapo mapingamizi. Rangi hugawa watu pia, na katika nchi iliyoonja migawanyiko kama yetu, hofu hiyo si ndogo. Lakini jezi huvuliwa baada ya mechi, na wa rangi zote hurudi darasani kukaa dawati moja. Hilo ndilo zoezi lenyewe: kushindana bila kuchukiana. Shule isipolifundisha uwanjani, italifundisha wapi?

Kwa hiyo, wanaounda timu mpya wachague rangi na kuitunza mwaka hata mwaka, kwa kuwa wanafunzi huhitimu na kuondoka, lakini rangi hubaki kuwapokea wanaokuja. Mnyama, akihitajika, atajitokeza mwenyewe.