Amplifaya ya Dola 700 Ilivyoiga ya Maelfu

Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani Bob Carver aliwapa changamoto wenye jarida la Stereophile: wachague amplifaya yoyote wanayoienzi, naye ataitengeneza upya ya kwake, ya takriban dola 700, mpaka masikio yao yashindwe kuzitofautisha. Walimchagulia Conrad-Johnson Premier Five, mashine ya valvu iliyouzwa kwa maelfu ya dola, ingawa wakati ule hawakulichapisha jina lake. Carver alifungua vifaa vyake katika chumba cha hoteli mjini Santa Fe akafanya kazi kwa siku mbili hivi. Waamuzi walikuwa J. Gordon Holt, mwanzilishi wa jarida hilo, na Larry Archibald, mchapishaji wake. Hao walikuwa wamezoea kusikiliza kwa makini kuliko wateja wengi, na hawakuwa na haja ya kumpendelea.

Njia aliyotumia ndiyo inayonivutia hadi leo. Amplifaya mbili zinapewa muziki uleule kwa wakati uleule, kisha ncha chanya ya moja inaunganishwa na ncha chanya ya nyingine kupitia spika ndogo. Zikitoa volti zilezile kila nukta, hakuna mkondo unaopita katikati, na spika hiyo inanyamaza. Kinachosikika hapo ni tofauti tupu kati ya mashine mbili. Carver alikuwa akibadilisha rezista na kapasita ndani ya amplifaya yake huku akiifukuza tofauti hiyo, hatua kwa hatua.

Tofauti ilipokuwa desibeli 35 chini ya muziki wenyewe, yaani sehemu moja kati ya 56 hivi ya volti, waamuzi bado walizitambua. Alipoisukuma hadi desibeli 70, ambayo ni sehemu moja kati ya 3,000 na ushei, walishindwa. Waliandika hivyo jaridani mwao wazi, na kwa hilo nawaheshimu sana.

Amplifaya ya Carver, ambayo ni ya transista, iliwezaje kuimba kama ya valvu? Sehemu kubwa ya jibu imo katika ukinzani wa ndani wa amplifaya, ule ambao spika inakutana nao. Kwenye mashine nyingi za transista ukinzani huo unakaribia sifuri. Kwenye nyingi za valvu, zenye transfoma ya kutolea sauti, unaweza kukaribia omu moja au hata kuizidi. Spika nayo haina ukinzani mmoja. Hupanda na kushuka kulingana na masafa. Chukua spika inayoshuka hadi omu 4 mahali fulani na kupanda hadi omu 20 kwingine. Ikiendeshwa na amplifaya yenye omu moja ndani, mahali pa omu 20 patasikika kwa desibeli moja na nusu zaidi ya pale pa omu 4. Sikio linalisikia hilo, na kuliita joto, mwili, au uhai. Mimi pia naipenda sauti hiyo. Lakini sehemu yake kubwa hupatikana kwa kuongeza rezista ya omu moja, yenye uwezo wa kuhimili wati za kutosha, kati ya amplifaya ya kawaida na spika.

Basi fedha nyingine zinakwenda wapi? Kwanza, kwenye joto. Mark Levinson ML-2 ya mwaka 1977, inayofanya kazi kwa mtindo wa daraja A, ilitoa wati 25 kwenye omu 8 huku ikila takriban wati 400 mfululizo, muziki uwepo usiwepo. Joto hilo lote linadai transfoma kubwa na mapezi mazito ya alumini. Kisha kuna madini. Hiroyasu Kondo wa Japani alitengeneza Ongaku, amplifaya ya valvu isiyofika hata wati 30, na transfoma zake za kutolea sauti akazizungushia waya wa fedha. Kazi ya mkono wake ni ya kustaajabisha. Lakini fedha hupitisha umeme vizuri zaidi ya shaba kwa asilimia sita hivi tu, na waya wa shaba ulionenepeshwa kidogo unaifidia tofauti hiyo.

Kisha kuna nguvu. Relentless ya Dan D'Agostino, mwanzilishi wa Krell, ilitoka kwa dola 250,000 hivi kwa jozi. Kila moja ina uzito wa zaidi ya kilo 200 na hutoa wati 1,500 kwenye omu 8. Ukilinganisha na amplifaya nzuri ya wati 150, ziada hiyo yote ni desibeli 10 kwenye kilele cha muziki. Sebuleni, kwa sauti ya kawaida, spika nyingi hutumia wati chache tu. Hapa ndipo ninapoona kupita kiasi. Anayetaka kumiliki kazi ya ufundi kama hiyo na ainunue kwa furaha, ila muuzaji asimwambie kwamba sikio ndilo linaloidai.

Wanaoitetea bei kubwa wana hoja moja nzito. Carver alipoanza kuuza toleo la kiwandani, M-1.0t, Stereophile walilipima mwaka 1987 wakakuta tofauti yake na ile ya valvu haishuki hadi kiwango kilekile cha hotelini. Vipuri hutofautiana kidogo kimoja na kingine, na valvu huchoka. Mfano uliorekebishwa kwa mkono, rezista kwa rezista, haufanani na maelfu yanayotoka kwenye mstari wa kiwanda. Hivyo mtengenezaji anayepima na kuoanisha kila kipuri ana gharama ya kweli, na ana haki ya kuilipisha. Gharama hiyo, hata hivyo, haifiki robo milioni ya dola.

Ukienda dukani kulinganisha mbili, nenda na mita ya volti. Cheza mlio wa masafa ya hezi 1,000, pima kwenye ncha za spika, na usawazishe hadi tofauti isizidi desibeli 0.1: moja ikisoma volti 2.83, nyingine isipite 2.86. Iliyo juu kidogo huonekana bora hata kama ni ileile. Muuzaji akikataa mita hiyo, usimlipe.