Kidole kimoja na hatua nne: kanuni ya Ottawa iliyopunguza picha za enka

Mchezaji akitua vibaya unyayo ukageukia ndani, kinachochanika kwanza kwa kawaida ni ligamenti fupi iliyo mbele ya kifundo, upande wa nje, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote za upande huo. Enka inavimba, damu inavilia chini ya ngozi, naye anaapa kuwa amevunjika. Mara nyingi hajavunjika.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hospitali za Canada zilimpiga picha ya eksirei karibu kila aliyefika akichechemea, ilhali waliokutwa wamevunjika hawakufika 15 katika kila 100. Dk. Ian Stiell na wenzake wa Ottawa wakataka kujua ni nani anaweza kurudishwa nyumbani bila picha na bila hofu. Waliwachunguza watu wazima 750, kila mmoja kwa dalili 32, kisha wakazichuja hadi zikabaki chache. Kanuni ikachapishwa mwaka 1992.

Ufundi wake uko kwenye mahali pa kubonyeza. Daktari hubonyeza ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili iliyotokeza pande zote za kifundo, sentimita 6 za mwisho, mpaka kwenye ncha. Kwa nini nyuma? Kwa sababu mbele ndiko iliko ile ligamenti. Ukibonyeza hapo kila aliyeteguka atapiga yowe, na yowe hilo halikwambii lolote kuhusu mfupa. Kipimo cha pili ni kukanyaga: je, aliweza kwenda hatua nne pale alipoumia, au anaweza sasa mbele ya daktari? Kuchechemea kunakubalika. Asipoumia anapobonyezwa na akazimudu hatua hizo, kifundo hakihitaji picha. Unyayo nao una sehemu zake mbili za kubonyezwa, na muhimu zaidi ni shina la mfupa wa unyayo unaoelekea kidole cha mwisho, ambalo huvunjika kwa mteguko uleule na kusahaulika.

Uchunguzi mwingi uliofuata ulionyesha kwamba kanuni hii haikosi mfupa uliovunjika ila kwa nadra sana, na picha hupungua kwa takriban theluthi moja. Gharama yake ni kwamba wengi wanaopelekwa eksirei bado hukutwa wazima. Nadhani biashara hiyo inalipa, hasa kwa mganga wa zahanati ambaye mashine ya karibu iko mwendo wa basi. Asiitumie tu kwa mlevi, wala kwa mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni, kwa kuwa hao hawasikii maumivu ya kuaminika.

Shida huanza baada ya hapo. “Hujavunjika” husikika kama “umepona”, na wiki ile ile mtu yuko uwanjani. Kanuni hiyo haikupima ligamenti hata kidogo. Enka inayolegea hurudishwa kwa mazoezi: kuanza kukanyaga mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu, kisha kusimama kwa mguu mmoja kila siku, kwa wiki kadhaa, hata uvimbe ukiwa umekwisha.