Kumbukumbu za Kuluva kama Matini: Wajibu wa Maktaba ya Chuo Kikuu

Makala ya Pike, Williams na Wright (1967) kuhusu uvimbe wa Burkitt katika Nile Magharibi, 1961–65, husomwa kama takwimu tu: wagonjwa waliokaribiana kimahali walielekea kukaribiana pia kiwakati. Hata hivyo, siku uvimbe ulipoanza haipimwi kwa chombo. Aghalabu husimuliwa na mzazi, ikatafsiriwa, ndipo daktari, kama Williams wa Hospitali ya Kuluva, akaiandika. Katika jedwali, msimulizi na mkalimani hutoweka. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Muni, huko Arua, ikiiweka makala hiyo kwenye rafu ya tiba pekee, itahifadhi matokeo na kupoteza chanzo. Yafaa masimulizi ya wazee, kwa Kilugbara na Kiswahili, yakusanywe kabla wenyewe hawajatutoka.